Vitu Kumi kwa Mkono Wako Mwenyewe

Makuli ndio waliompa jina la Sumaku, na usidhani walimpa kwa mapenzi. Mtu angesimama mlangoni mwa ghala aombe beringi ya pampu ndogo, ile yenye kifuniko cha mpira, na mzee angeingia kati ya rafu bila kutazama huku wala kule, akanyoosha mkono, akarudi nayo. Hakukimbia wala hakusita. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza ghala wa vipuri vya pampu na mabomba, na kwa miaka hiyo yote alikuwa na mdomo ambao mtu mwenye haya angeuficha.

"Wewe," angemwambia kuli aliyekosea rafu, "mama yako alipokutuma chumvi ulimletea nini, mkaa?"

Wenzake wangecheka, na yule aliyetukanwa angecheka pia, maana angefanyaje.

Sasa sikiliza. Sumaku huyo alikuwa haoni. Alikuwa amebakiwa na mwanga wa madirisha na vivuli vya watu, basi. Herufi zilikuwa zimemtoka miaka mitatu nyuma, kwanza zile ndogo za kwenye vibandiko, kisha hata zile kubwa zilizopakwa rangi kwenye makreti. Ghala alilijua kwa miguu na kwa vidole. Kutoka mezani pake hadi safu ya kwanza ni hatua tisa. Ukiingia safu ya nne, hatua saba, mkono wa kushoto, kimo cha goti, hapo pana vali za shaba. Kila kitu alikuwa amekipanga mwenyewe enzi macho yake yalipokuwa mazima, na hakutaka kisogezwe hata kwa upana wa kiganja. Kuli mmoja aliwahi kusogeza boksi la chujio ili apate pa kuweka chai yake, na jioni ile ile akamwaga unga. Watu walisema mzee ana ukali wa kazi. Ulikuwa woga, wala si kingine.

Waliojua siri hiyo walikuwa watatu: yeye, binti yake wa pekee, na mume wa huyo binti. Mkwe alikuwa msaidizi wake humo humo ghalani, kazi ambayo Sumaku alimpatia mwaka aliooa, miaka sita nyuma. Kila rafu ilikuwa na kadi yake iliyoning'inizwa kwa uzi, ya kuandika kilichoingia na kilichotoka, na mkwe ndiye aliyemsomea kadi hizo kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. Karatasi za mizigo zilipokuja, mkwe alizisoma, akazijaza, akaweka sahihi ya mzee. Alikuwa ameifanyia mazoezi sahihi hiyo mpaka mzee mwenyewe asingeitofautisha, hata kama angekuwa na macho.

Na shukrani yake? Matusi. "Punda wangu huyu," Sumaku alikuwa akiwaambia makuli, "binti yangu alinunua gunia bila kufungua." Alijitetea kwamba msaidizi asiyefokewa angewatia watu shaka. Huo ni uongo. Alifoka kwa sababu kumtegemea mtu kulimuuma, na mtu wa kumuumiza karibu yake alikuwa mmoja tu.

Kitu alichokiogopa kuliko kifo ni kutoka humo ghalani. Nje alikuwa mzee wa kushikwa mkono kuvuka barabara. Ndani alikuwa Sumaku. Binti alishamwomba mara nyingi aache kazi, na kila mara alijibiwa maneno ambayo baba hamwambii mwanawe.

Basi akaja meneja mpya, mwanamke mwenye kutembea na saa mkononi. Alikaa ghalani siku mbili akiwafuata makuli. Akaona mkanda wa pampu, kitu kinachoombwa mara thelathini kwa siku, umewekwa kule mwisho kabisa ukutani, huku mlangoni pamejaa vipuri vya mashine ambazo hakuna mtu anayezimiliki tena. Akaona mapipa ya gundi yamepandishwa rafu ya juu, na kuli mmoja aliyeteguka mgongo kwa kuyashusha. Akaita kikao, akauliza nani ana wazo.

Mkwe akasimama. Alisema kile ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angekisema: vinavyotoka kila saa viwe karibu na mlango, kati ya kiuno na kifua, mtu avichukue bila kuinama wala kupanda ngazi. Vizito vikae chini. Vya kutoka mara moja kwa mwaka viende nyuma na juu. Na kila mahali pawe na namba yake.

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," meneja akasema. "Mzee, unasemaje?"

Sumaku alitamani kurusha kiti. Lakini angekataa kwa hoja gani? Mpango ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililomkaba. Akajikohoza, akasema wazo hilo lilikuwa kichwani mwake siku nyingi.

Walipotoka nje alimkamata mkwe shati.

"Unanizika mzima?"

"Baba, yule kuli alikaribia kupooza. Nitakuandikia kila kitu. Tutahamisha vile sitini tu vinavyotoka sana, na nitapima kwa hatua zako, sio zangu."

"Na mkaguzi je?"

"Ndiyo, Baba. Najua. Nilimwomba meneja tungoje mkaguzi apite kwanza. Amekataa, anataka aukute mpango mpya."

Kampuni ile ilikuwa na desturi yake. Kila baada ya miezi mitatu mkaguzi alikuja kutoka makao makuu, akachagua vitu kumi kwenye orodha, na mtunza ghala alitakiwa kuvileta yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mkaguzi akimtazama. Msaidizi alisimama nyuma ya mstari wa njano na hakuruhusiwa kufungua mdomo. Katika miaka ishirini na miwili Sumaku hakuwahi kukosea hata kitu kimoja. Makuli waliacha kazi kuja kutazama, na wengine waliombea siku moja akosee, nami siwalaumu.

Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu. Rafu zilihamishwa Ijumaa na Jumamosi, na siku hizo mbili hakuruhusiwa mtu kuingia ila wahamishaji, kwa kuwa foko, gari la kuinulia mizigo, ilikuwa ikipita na mizigo mirefu. Mkwe alikuwa mmoja wao. Kila boksi lilipotua mahali pake alirudi mezani, akatembea kwa hatua fupi za kizee, mgongo ameupinda kidogo, akihesabu kwa midomo. Wenzake walidhani anamwigiza mkwewe na wakavunjika mbavu. Naye akaacha wacheke.

Jumapili mkwe alikuwa ghalani akibandika namba. Karatasi aliiacha nyumbani, na Sumaku akaja asubuhi kukaa na binti yake. Binti alikuwa fundi cherehani. Alisukuma vitambaa pembeni, akaikunjua karatasi mezani, akaanza.

"Mkanda wa pampu kubwa. Safu ya pili, hatua kumi na moja, kulia, kimo cha kifua."

"Safu ya pili, kumi na moja, kulia, kifua," mzee akarudia.

Walikwenda hivyo mpaka saa nane mchana. Kichwa cha Sumaku hakikuwa cha mchezo. Kitu akikisikia mara mbili hakimtoki. Binti alimrukisha huku na huku, kutoka cha tano hadi cha hamsini, na yeye akajibu bila kumeza mate. Alifurahi kama mtoto aliyefaulu.

"Huyo mumeo ameandika vizuri kweli?" aliuliza wakati wa kuondoka.

"Ameandika vizuri sana, Baba," binti akasema.

Jumatatu saa nne asubuhi mkaguzi alisimama katikati ya ghala na orodha yake. Alikuwa mtu mnene mwenye kupenda kuchekesha hadhira. Meneja alikuwa pembeni yake, mkwe nyuma ya mstari wa njano, na makuli wamejipanga kama watu waliokuja harusini.

"Chujio la namba tatu," mkaguzi akasema.

Sumaku alikwenda, akarudi nalo. Akaombwa mrija wa gundi, akauleta. Akaombwa vali ya shaba, akaileta, na safari hii alirudi akipiga mluzi. Meneja alitabasamu. Mpango ulikuwa na siku moja tu na mzee alikuwa ameshaumeza wote.

"Mkanda wa pampu kubwa."

Safu ya pili. Akahesabu kumi na moja, akanyoosha mkono wa kulia kwenye kimo cha kifua, na vidole vikashika chuma baridi kilichopinda. Kilikuwa kiwiko cha bomba. Akakigusa tena, kana kwamba kingegeuka. Akapapasa boksi la jirani: viwiko. La chini yake: viwiko. Akarudi nyuma hatua mbili, akajaribu tena, na hapo ndipo alipopoteza hesabu, kwa sababu mtu anayekwenda kwa hesabu akishayumba mara moja hana pa kuanzia.

"Vipi, Mzee, mkanda umekukimbia?" mkaguzi akaita. Makuli wakacheka, kwanza kidogo.

Sumaku aliingiza mkono ndani zaidi, kiwiko cha mkono wake kikagonga katoni lililokuwa wazi, na nati zikamwagika sakafuni kwa mamia. Akazikanyaga. Akaanguka kwa goti, akashika rafu, akasimama akiwa ameelekea ukutani, watu amewapa mgongo, na akaanza kuzungumza na ukuta.

"Wamepanga vibaya hawa," aliuambia.

Kicheko kikaacha kuwa kidogo. Kuli aliyewahi kuulizwa habari za chumvi na mkaa alicheka mpaka akaketi.

"Mzee, geuka," mkaguzi alisema. Yeye hakuwa anacheka sasa. Alikuwa amemwelewa. Mtu mwingine angemchukua kando, lakini huyu alikuwa na hadhira. Akamsogelea, akainua mkono mtupu mbele ya uso wake. "Nimeshika nini hapa?"

Sumaku akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa shati, akaivaa. Aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayechunguza.

"Beringi," akasema. "Ya pampu ndogo."

Hata meneja aliziba mdomo.

Ofisini alikalishwa kwenye kiti chenye mto. Goti lilikuwa linamvimba. Meneja alizungumza naye kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kicheko. Alisema anasikitika, alisema kampuni itamuaga kwa heshima, alisema asiwe na wasiwasi juu ya ghala kwa kuwa mtu wa kulishika yupo.

"Nani?"

"Mkwe wako. Si ndiye unayemwamini?"

Hapo Sumaku aliona kila kitu, au alidhani ameona. Nani alileta mpango? Nani aliandika karatasi? Nani anakalia kiti? Hakujipa hata nafasi ya kuvuta pumzi mbili.

"Huyo mwizi?" akasema. "Muulizeni nani amenisomea kadi zenu miaka mitatu. Muulizeni sahihi zilizo kwenye karatasi za mizigo ni za nani. Mimi sijaandika jina langu tangu macho yalipokufa. Zote kaghushi yeye, mkitaka leteni za mwaka huu niwatajie siku."

Akawatajia. Kichwa chake, nimeshakwambia, hakikuwa cha mchezo. Alitaja mzigo kwa mzigo, mwezi kwa mwezi, na kila alipotaja alisikia kalamu ya meneja ikikwaruza.

Mkwe akaitwa. Alisimama mlangoni na kusomewa yote. Hakukana hata moja.

"Ni kweli," alisema. "Niliweka mimi."

"Unajua hiyo ni kufukuzwa, tena leo hii?"

"Najua."

Kisha akamgeukia mzee. "Baba, kwani karatasi ilikuwa na kosa gani?"

Tazama unafiki, Sumaku aliwaza, na raha ikamjaa kifuani. Ameula wa chuya, alijiambia. Alitaka kiti, sasa hana hata benchi. Akaomba mtu wa kumtoa nje.

Dereva wa foko ndiye aliyemfikisha kwa binti yake, akimshika kiwiko njia nzima. Cherehani ilikuwa inalia. Iliponyamaza, Sumaku alisikia binti akivuta kiti, akisema "Baba, goti hilo!" na kwenda kuchota maji. Dereva akaaga haraka haraka na kwenda zake.

"Acha maji, kaa," Sumaku alisema. "Nina jambo la kukuambia na litakuuma. Mumeo ameniuza."

"Kivipi?"

"Ile karatasi. Aliandika uongo makusudi, nikaanguka mbele ya watu. Wamenipima macho kwa mkono mtupu, mwanangu. Wamecheka mpaka wamekaa chini."

Binti alirudi na maji ya moto na kitambaa. Kisha sauti yake ikatoka chini, karibu na goti la mzee, maana alikuwa ameshapiga magoti kumkanda.

"Karatasi haikuwa na kosa, Baba."

"Usimtetee."

"Simtetei. Mimi ndiye niliyesoma vingine. Katika vile sitini nilibadilisha ishirini."

Kitambaa cha maji ya moto kiliendelea kuzunguka goti, taratibu, na mzee akahisi kila uzi wake.

"Mwezi uliopita foko ilikupita kwa upana wa kiganja," binti akasema. "Huyo dereva aliyekuleta alikuja hapa akalia. Nimekuomba mara ngapi uache? Ukaniita kahaba ndani ya nyumba yangu. Nikasema basi, wacha akosee mbele ya watu. Aibu ya siku moja, halafu yaishe, aje akae hapa nimtunze." Akakamua kitambaa. "Na sitakudanganya, nilichoka pia. Miaka sita unamwita mume wangu punda, na yeye akirudi ananiambia nikupikie chakula laini kwa sababu jino linakusumbua. Nilitaka na yeye akae kwenye kiti. Meneja alishamdokezea kwamba siku ukitoka anashika yeye."

"Anajua?" Sauti ya Sumaku haikufika mbali.

"Hajui, na usimwambie. Ataniacha, Baba. Namfahamu. Angenisamehe hata kumwibia, lakini kwa hili ataniacha." Akainuka, na katika sauti ungesikia kabisa kwamba anatabasamu katikati ya machozi. "Lakini si yameisha? Wamemtangaza? Nilikuwa nimeshamkatia suruali ya kwendea siku ya kwanza."

Sumaku alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi tu, na alilizungusha mdomoni likakataa kutoka. Mtu aliyekuwa na tusi kwa kila kuli hakuwa na neno moja kwa mwanawe.

Mlango wa nje ukalia. Hatua za mkwe ziliingia, zikasimama, na kitu laini kikawekwa sakafuni. Ulikuwa mfuko wenye ovaroli yake, viatu vya kazi na kikombe.

"Mbona mapema hivi?" binti akauliza. "Na hivyo ni nini?"

"Baba hajakwambia?"

"Ameniambia ameanguka."

Mkwe akakaa. "Nimefukuzwa. Wamegundua habari za sahihi." Hakusema wamegunduaje. Alikuwa na nafasi ya kusema, baba mwenyewe yupo pale mbele yake, na hakusema. "Tutatafuta kwingine. Mikono si ninayo?"

Binti alitoa mlio mdogo kama mtu aliyechomwa sindano. Sumaku alihisi uso wake unamgeukia. Alikuwa ameelewa bila kuambiwa. Sahihi zile walizijua watu watatu duniani.

"Baba," mkwe akasema, "mimi sikulaumu. Mtu aliyefanyiwa vile husema chochote. Ila kuna kitu kimoja kinanila roho tangu asubuhi. Nilipima mara mbili mbili, kwa hatua zako. Hiyo karatasi ilikuwa na kosa gani?"

Sumaku alisikia pumzi za binti zimekatika. Sasa alijua anachoweza kufanya. Angesema ukweli, na huyu mwanamume angeipata haki yake, na binti yake angebaki peke yake na baba kipofu. Alifikiri kwa muda usiozidi ule wa kuhesabu hatua kumi.

"Uliandika vibaya," akasema. "Mkanda uliuweka kwenye viwiko. Na vingine vingi, sikufika tu."

"Haiwezekani. Iko wapi niitazame?"

"Nimewashia jiko," binti akajibu upesi. "Asubuhi. Lakini hata mimi niliona, mume wangu. Hatua zilikuwa hazilingani. Nikadhani ni mpango ulivyo."

Mkwe hakubisha tena. Walimsikia akihesabu kwa midomo, safu ya pili, kumi na moja, kumi na mbili, akijaribu kukumbuka usiku wa Jumamosi, mgongo unauma, macho mazito, na kalamu mkononi. Hesabu ikapungua nguvu mpaka ikakoma.

"Ulikuwa uchovu," akasema mwishowe. "Nimekuvunjia heshima mbele ya watu, Baba, na nimewatia wote njaani. Nisameheni."

"Nimekusamehe," Sumaku akamwambia.

Binti akaenda kumbandikia mumewe maji ya kuoga.